Mvuke wa Usiku, Giza la Jioni

Ilikuwa saa mbili na robo usiku, mkesha wa shule kufunguliwa, katika kibanda cha kinyozi mjini Naivasha. Mvulana wa Gredi ya Tano alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umekwisha kunyolewa, upande wa pili bado, stima ikapotea. Mashine ikanyamaza. Mama yake alikuwa kwenye benchi kando yangu, madaftari mapya mapajani. Kinyozi akawasha tochi ya simu.

"Mama, tungoje kidogo. Siku hizi hurudi saa nne."

"Saa nne mtoto awe bado hapa, kijana wangu? Na kesho aamke saa kumi na moja?"

Basi akamalizia kwa makasi na wembe, mimi nikimshikia simu. Kazi haikutoka vizuri na mwenyewe aliliona hilo, kwa maana mama alipotoa pesa, alipokea nusu na kumrudishia zilizobaki.

Nilipotoka nje mtaa wote ulikuwa giza. Nikatazama upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya ziwa, kuliko na visima vya mvuke vya Olkaria. Kutoka kibanda kile hadi visima vile ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mtu akilala karibu na visima hivyo usiku wa manane, husikia mngurumo usiokoma, kama lori kubwa linalopanda mlima bila kufika kileleni. Ni mvuke unaotoka ardhini na kupaa hewani bila kupitia kwenye mtambo wowote. Saa mbili usiku mtoto ananyolewa kwa tochi, na saa tisa usiku kawi ambayo ingeendesha mashine ile inaachiliwa mawinguni. Makala hii inahusu saa hizo saba zilizo katikati.

Olkaria ndiko nchi hii ilikoanza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka 1981, kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Leo tuna zaidi ya megawati 900 za mvuke, na karibu nusu ya umeme tunaotumia hutoka huko chini. Hakuna nchi nyingine barani Afrika inayotukaribia. Lakini kisima cha mvuke si mfereji wa maji, unaofungwa na kufunguliwa upendavyo. Ukikibana na kukiachilia kila siku unakichosha, na kukichimba kulikugharimu mamilioni ya dola. Kwa hiyo umeme unapokosa mnunuzi, wahandisi hupunguza uzalishaji wa mitambo na kuuacha mvuke utoke.

Na usiku umeme hukosa mnunuzi kweli. Mahitaji ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kilele hicho huja jioni, watu wanaporudi nyumbani, taa zikawashwa, pasi zikachomekwa, maduka na viwanda vingine vikiwa havijafungwa. Kufikia saa tisa usiku mahitaji huwa yameporomoka hadi karibu nusu. Hapo ndipo upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, unapovuma kwa nguvu zake zote. Mitambo 365 iliyosimikwa kule ina uwezo wa megawati 310, na mkataba wake unataka ilipwe hata pale ambapo gridi imeshindwa kupokea umeme wake. Mhandisi wa zamu aliye mbele ya skrini katika kituo cha kudhibiti gridi afanye nini? Upepo ameshaulipia, autake asiutake. Anapunguza mvuke.

Jioni inayofuata mambo hugeuka. Mvuke wote uko kazini, maji ya mabwawa ya Mto Tana yako kazini, umeme tunaonunua Ethiopia tangu Novemba 2022 unaingia, na bado hautoshi. Ndipo mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu, Rabai na kwingineko inapowashwa. Mafuta hayo hununuliwa kwa dola, na gharama yake humfikia kila anayenunua tokeni, hata yule ambaye umeme wake ulitoka Olkaria. Hayo nayo yasipotosha, watu hukatiwa. Rais William Ruto amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo huzimiwa kwa zamu. Kinyozi wetu alikuwa ameijua ratiba hiyo bila kuambiwa na yeyote.

Mtu yeyote aliyewahi kuweka pipa chini ya paa wakati wa mvua anaijua dawa ya tatizo hili. Unakinga maji yanapokuwa mengi, unayachota yanapoadimika. Kwa umeme, pipa ni betri, au bwawa la juu linalojazwa kwa pampu usiku na kufunguliwa jioni. Hapa inafaa tutenganishe vipimo viwili ambavyo hata magazeti huvichanganya. Megawati hukueleza bomba la pipa ni pana kiasi gani. Megawati-saa hukueleza pipa lina maji kiasi gani. Mtambo wa megawati 100 wenye megawati-saa 400 unaweza kumimina kwa nguvu zake zote kwa saa nne, yaani karibu kilele chote cha jioni. Hizo ni uniti 400,000 kila usiku. Nyumba inayotumia uniti 30 kwa mwezi, kiwango cha juu cha wateja wa bei nafuu kabisa, ingelazimika kuishi zaidi ya miaka elfu moja ili izimalize.

Kuna hasara, nayo isemwe. Ukiweka uniti 100 ndani ya betri, utatoa kama 85. Zilizobaki hupotea kwa joto. Ila mvuke unaopaa Olkaria hupotea wote, na 85 kwa 100 ni bora mara nyingi kuliko sufuri kwa 100.

Betri ina kazi nyingine ambayo pipa la maji haliwezi, nayo tulijifunza thamani yake kwa uchungu. Ijumaa ya Agosti 25, 2023, kabla ya saa nne usiku, umeme ulizimika karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani, abiria wakimulika kwa simu, na baadhi ya maeneo nchini hayakurejeshewa umeme hadi siku ya pili. Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme, ilisema chanzo kilikuwa kupotea ghafla kwa megawati 270 za upepo wa Turkana. Wenye mitambo ya upepo walijibu kwamba mitambo ilijiondoa yenyewe kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kile kilichofuata baada ya megawati zile kutoweka.

Gridi ina mapigo, kama moyo. Yetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na mafundi huyaita frikwensi. Uzalishaji ukizidi matumizi mapigo huharakisha, ukipungua hupoa. Yakipoa kupita mpaka fulani, kila mtambo hujitenga ili usiharibike, na kila unaojitenga huiongezea mzigo iliyobaki. Ndani ya sekunde chache nchi imekuwa gizani. Katika sekunde hizo hakuna muda wa kufungua maji ya bwawa la Gitaru wala kuwasha jenereta ya dizeli. Betri hujibu kabla hujapepesa jicho. Mwaka ule umeme ulizimika kitaifa tena Novemba na tena Desemba.

Watu wa jimbo la South Australia walipitia jambo la namna hiyo Septemba 28, 2016. Dhoruba iliangusha minara ya umeme, mitambo ya upepo ikajitenga, laini iliyowaunganisha na jimbo jirani ikazidiwa, na wateja wapatao 850,000 wakabaki gizani. Miezi michache baadaye Elon Musk aliahidi kuwajengea betri katika siku 100, la sivyo wasilipe chochote. Ilijengwa Hornsdale, karibu na Jamestown, megawati 100 zenye megawati-saa 129, na ikaanza kazi kabla ya Desemba 1, 2017. Wiki mbili baadaye mtambo mmoja wa makaa wa Loy Yang, takriban kilomita elfu moja kutoka pale, ulianguka ghafla na megawati 560 zikatoweka. Betri ya Hornsdale ilikuwa imeanza kumimina umeme kabla mitambo iliyopangiwa kusaidia haijajongea.

Dunia ililikumbuka lile dau la siku 100. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi. Serikali ya jimbo iliigawa betri ile mara mbili kwa mkataba. Megawati 70 ziliwekwa akiba kwa ajili ya usalama wa gridi, serikali ikazilipia kama vile mtu anavyomlipa askari wa zima-moto: kwa kuwa tayari, moto uzuke usizuke. Megawati 30 zilizobaki mwenye betri aliruhusiwa kufanyia biashara, anunue umeme ukiwa rahisi na auze ukiwa ghali. Kisha Australia ikarekebisha saa ya soko lenyewe. Hapo awali bei iliamuliwa kila dakika 5 lakini malipo yakafanywa kwa wastani wa dakika 30, hivyo aliyeokoa gridi kwa dakika tano alilipwa sawa na aliyechelewa. Tangu Oktoba 1, 2021 malipo ni ya dakika 5. Bila mabadiliko kama hayo betri ni kontena jeupe lililoegeshwa uwanjani.

California ilipitia njia nyingine. Mwaka 2010 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria nambari AB 2514, iliyoitaka tume ya umeme iamue kama kampuni za usambazaji zilazimishwe kununua hifadhi ya umeme. Mwaka 2013 tume ikatoa agizo: megawati 1,325 kufikia 2020. Wakati huo betri zilikuwa ghali na wengi waliliona agizo hilo kuwa ndoto. Lakini agizo liliwalazimisha watu kuandika mikataba ya kwanza, kukosea, kurekebisha na kujifunza bei halisi, huku bei za betri duniani zikishuka kwa takriban asilimia 90 kutoka mwaka 2010. Jimbo lilipokatiwa umeme kwa zamu Agosti 2020, hifadhi iliyokuwepo ilikuwa ndogo. Miaka minne baadaye ilikuwa imepita megawati 10,000, na jioni ya Aprili 16, 2024 betri zilikuwa kwa muda chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi ya California.

Nyuma ya sheria ile walikuwepo washauri elekezi. Mmoja wao, Janice Lin, mwanzilishi wa kampuni ya ushauri ya Strategen, alishiriki kuunda muungano wa wafanyabiashara wa hifadhi mwaka 2009, na muungano huo ukaipigania sheria. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina mafunzo mawili, na yote mawili yanatuhusu. Ushauri mzuri unaweza kubadilisha soko zima. Na kila mshauri ana anayemlipa. Hesabu za Lin zilikuja kuthibitishwa na miaka, lakini zilikuwa pia hesabu za watu waliotaka kuuza betri, na tume ilifanya vyema kuzisikiliza hadharani, wapinzani nao wakipewa nafasi.

Sisi tumepata kuumizwa na hesabu. Septemba 2013 serikali ilizindua mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 katika miezi 40. Makadirio ya mahitaji yalipanda kama moshi: reli ya umeme, viwanda vya chuma, miji mipya. Mahitaji hayo hayakuja. Iliyokuja ni mikataba ya muda mrefu, na laini ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, iliyochelewa hadi mitambo ya upepo ikasimama tayari bila pa kupeleka umeme, na walipakodi wakatozwa faini. Mwaka 2021 jopokazi la rais liliipitia mikataba yote. Mjadala ukawa kuhusu bei ya uniti: huyu anatuuzia kwa senti ngapi, yule kwa ngapi. Hilo lilihitajika. Lakini swali la saa lilibaki kando. Uniti ya saa tisa usiku ambayo haina wa kuitumia ni ghali hata ikiuzwa kwa bei ya chini, na uniti ya saa mbili usiku inaweza kuwa nafuu hata ikiuzwa kwa bei mara mbili.

Afrika Kusini wameanza kuandika saa ndani ya mikataba. Kule Kenhardt, Northern Cape, kampuni ya Scatec ya Norwei ilijenga mitambo ya sola ya megawati 540 pamoja na betri za megawati 225 zenye megawati-saa 1,140. Mkataba wake wa miaka 20 unaitaka itoe megawati 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Jua linazama kabla ya hapo, kila mtu anajua. Ni shauri la mwenye mitambo atafikishaje umeme hadi saa tatu na nusu, naye amefikisha kwa betri. Mnunuzi hakununua teknolojia. Alinunua saa.

Hapa kwetu nimeiona saa ikifanya kazi mahali pamoja, barabarani. Katika kituo kimoja cha Nairobi cha bodaboda za umeme nilisimama dakika kumi nikitazama. Dereva anafika, anafunua kiti, anavuta betri kwa mikono miwili kama mtu anayetoa jerikeni kisimani, anaisukuma ndani ya kabati na kuchukua iliyojaa. Hazikupita dakika tatu, alikuwa ameondoka. Kabati lina betri nyingi, na mhudumu aliniambia huzijaza hasa usiku. Nilimuuliza kwa nini. "Usiku ni nusu bei, kaka." Ni kweli. Aprili 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliweka bei ya vyombo vya usafiri vya umeme kuwa shilingi 16 kwa uniti mchana na shilingi 8 usiku. Viwanda vilipata punguzo la usiku kabla ya hapo, tangu Desemba 2017.

Tazama basi tulipofika. Dereva wa bodaboda ameshaambiwa kwamba uniti ya usiku na uniti ya jioni si bidhaa moja, akaelewa, akapanga kazi yake. Mzalishaji mkubwa na mwekezaji mwenye mamilioni bado hawajaambiwa. Mikataba yetu mingi hulipa uniti bila kuuliza ilifika saa ngapi. Anayetaka kujenga betri Suswa au Juja akijaribu kupiga hesabu atakwama pale pale: nitalipwa kwa uniti tu kama mzalishaji, ilhali sizalishi? Nitatozwa kama mteja ninapojaza, kisha mteja wa mwisho atozwe tena kwa umeme uleule? Na zile sekunde nitakazookoa nchi, nani atanilipa? Tumezoea watu wawili, mzalishaji na mtumiaji. Huyu wa tatu hana kiti.

KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imekuwa ikiandaa betri ya megawati 100 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba itajengwa kama mradi, ikatwe utepe, ipigwe picha, kisha iendeshwe bila bei inayomwonyesha mtu mwingine njia ya kujenga ya pili. Betri moja ya serikali haitamaliza giza la jioni. Kanuni moja iliyo wazi inaweza kuleta kumi.

Hapo ndipo kazi ya mshauri elekezi ilipo, na ndipo ningependa tuwe wakali. Matokeo ya upembuzi yakinifu huamuliwa na hadidu za rejea. Ukimwambia mshauri ahesabu megawati za mwaka 2035, atakuletea mitambo zaidi, na betri itaonekana anasa. Ukimwambia ahesabu saa kwa saa, kwa usiku wa upepo mkali na kwa mwaka wa ukame kama ule wa 2009, mitambo ya bwawa la Masinga ilipozimwa kwa kukosa maji, utapata jibu tofauti. Swali hilo liandikwe na Wakenya. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina taasisi ya mafunzo ya mvuke, na wahandisi wetu wa Olkaria huitwa nchi jirani kuchimba visima. Haiwezekani watu hao wawe wa kubeba mikoba ya washauri kutoka nje, na mahesabu yakishakamilika yafungiwe kwenye kabati la wizara. Makadirio yote yaliyotumika yachapishwe: mahitaji, bei ya betri, bei ya mafuta, thamani ya saa moja ya giza.

Na tusidanganyane kuhusu hatari. Januari 16, 2025 moto ulizuka katika mojawapo ya vituo vikubwa vya betri duniani, Moss Landing, California, na zaidi ya watu elfu moja wakahamishwa. Betri zile zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo moja la zamani. Leo hupangwa nje, makontena yakiwa mbalimbali, na aina ya betri inayotumika zaidi haishiki moto kwa urahisi kama ile. Kanuni zetu ziseme umbali huo ni mita ngapi, na kikosi cha zima-moto cha kaunti kifunzwe kabla ya kontena la kwanza kushushwa.

EPRA hupitia bei za umeme kila baada ya miaka mitatu, na kabla ya kuamua hulazimika kusikiliza maoni ya umma. Mikutano hiyo hufanyika katika kaunti, mara nyingi ukumbi ukiwa nusu mtupu. Msomaji, tangazo likitoka nenda. Mchukue kinyozi wako, mchukue mwenye kibanda cha kuchomelea, mchukue dereva wa bodaboda anayejua bei ya usiku. Wengi watauliza kwa nini tokeni ni ghali, na wana haki. Wewe uliza hili: anayehifadhi mvuke wa saa tisa usiku akauleta saa mbili usiku, mtamlipa shilingi ngapi, na imeandikwa wapi?